Kutoka Mwisenge hadi Mwitongo

Sisi Watanzania tunasafiri sana, lakini ni kwa nadra tunasafiri ili kuona. Tunakwenda msibani, tunakwenda kupeleka mahari, tunampeleka mgonjwa Bugando, tunarudi nyumbani Desemba ili wazee watuhesabu. Safari ya siku mbili isiyo na mgonjwa, maiti wala bibi harusi huhitaji maelezo. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba mwisho wa juma ule nilikuwa nakwenda Butiama, swali la kwanza lilikuwa: "Nani amefariki?" Nikajibu kwamba ninayemfuata alizikwa mwaka 1999. Wakacheka, na mmoja akaniombea safari njema kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenzake.

Sababu ya safari nilikuwa nayo, ila si ya kusemea varandani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mhasibu katika halmashauri mojawapo ya Kanda ya Ziwa. Ameniruhusu niandike habari hii kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, wala la halmashauri, wala la mkoa. Majuma mawili kabla ya safari alinipigia simu usiku. Alikuwa ameletewa mezani orodha ya malipo ya posho kwa semina ya siku tatu. Orodha ilikuwa imekamilika: majina, vyeo, namba za simu na saini. Kilichokosekana ni semina yenyewe. Ukumbi uliotajwa ulikuwa umefungwa siku zote hizo kwa matengenezo, naye alilijua hilo kwa kuwa hupita mlangoni pake kila asubuhi. Aliporudisha orodha, mkubwa wake alimwita, akamkumbusha kwa upole kwamba bado yumo katika kipindi cha majaribio, na kwamba utumishi ni kulindana. Akapewa muda wa kutafakari.

"Mjomba," aliniambia, "kujua kipi ni haki hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo wa elimu ya juu, na unaobaki ndio unaomtunza mama."

Mama huyo ni dada yangu. Nilimwambia kwamba jambo hili si la kuzungumzwa kwenye simu. Tukapatana tuonane Bunda siku ya Jumamosi, twende Musoma, na Jumapili twende Butiama, mahali ambapo hakuwahi kufika ingawa amejibu maswali ya mitihani juu yake tangu shule ya msingi.

Kutoka Mwanza hadi Musoma ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Ukishapita Magu na Lamadi, nchi inatanda kuwa tambarare. Upande wa kulia hifadhi ya Serengeti inasogea mpaka ukingoni mwa barabara, penye lango la Ndabaka. Upande wa kushoto, nyuma ya mashamba, liko ziwa. Siku hiyo tuliona pundamilia wachache wamesimama karibu na lami kama abiria waliochelewa gari. Mgeni hufurahia mandhari hayo. Mwenyeji wa Bunda huyatazama kwa moyo uliogawanyika, kwa kuwa tembo hutoka hifadhini usiku na kumaliza shamba la mahindi au mtama la msimu mzima. Hapo hapo ndipo ilipo Kata ya Nyatwali, ambayo wakazi wake wametakiwa kupisha ardhi yao na kulipwa fidia, ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Hoja za uhifadhi zinaeleweka. Ukame unapokaza, mnyama naye anahitaji maji. Lakini kila mtu mwenye umri mkubwa katika mkoa huu akisikia neno "kupisha" anakumbuka neno jingine, "operesheni."

Mwaka 1973 Serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, bali ni amri ya kutekelezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoa wa Mara ulifikiwa na zamu hiyo mwaka 1974. Watu walihamishwa kutoka katika miji ya baba zao, na baadhi yao waliona mapaa yakibomolewa ili wasipate pa kurudi. Nataja hili mapema kwa sababu anayekwenda Butiama bila kulikumbuka huenda kuhiji tu, na hija haina nafasi ya maswali. Aliyetoa amri ile ndiye tuliyekuwa tunamfuata.

Tulimkuta mpwa wangu katika kituo cha mabasi cha Bunda, kajitanda mtandio, mkobani ana chupa ya maji na bahasha. Akanipa shikamoo, akaketi, na tulipita Kiabakari bila kuigusa ile bahasha hata kwa neno. Pale Makutano, ambapo njia ya Musoma huachana na ile ya Tarime na Sirari, tukakata kushoto kuelekea mjini.

Musoma ni mji unaostahili sifa kuliko unazopewa. Umejengwa katika rasi iliyoingia ziwani, kwa hiyo kila mtaa ukiufuata mpaka mwisho unakutana na maji. Mawe makubwa ya mviringo yamepandana ufukweni kana kwamba mtu aliyapanga kisha akasahau alichokusudia. Pale Mwigobero mitumbwi huleta dagaa na sato, na biashara huanza kabla jua halijapanda. Mji huu pia ulikuwa na kiwanda cha nguo, MUTEX, kilichojengwa kwa sababu rahisi kwamba pamba inalimwa hapa hapa kanda ya ziwa. Wazee wa mji wanapokitaja hutumia wakati uliopita, kama wanavyotaja jamaa aliyekuwa na kazi nzuri.

Jioni tulikwenda kutazama Shule ya Msingi Mwisenge. Hapa ndipo Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, alipoletwa kuanza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kutoka Butiama hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 40, na nyakati zile watu walizipima kwa miguu. Mpwa wangu alisimama kwenye uwanja akitazama madarasa, akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba kama chifu yule asingeshauriwa kumpeleka shule mmoja kati ya watoto wake wengi, leo tungekuwa tunasimulia habari ya nchi nyingine. Nilimjibu kwamba historia haitundikwi kwenye msumari mmoja. Naye akanijibu: "Hata hivyo, mjomba, kuna mtu mmoja aliyeamua siku hiyo." Nikaona kwamba mawazo yake yalikuwa kwenye bahasha.

Asubuhi ya Jumapili tulifuata njia ile aliyoipita mtoto yule wakati wa kurudi nyumbani likizo. Ukishavuka Makutano kuelekea mashariki, ardhi huanza kuinuka taratibu, upepo wa ziwa unapungua, na vilima vya mawe vinajitokeza huku na huku. Kwa gari ni chini ya saa moja. Butiama imekuwa makao makuu ya wilaya inayobeba jina hilo, na kwa hiyo ina ofisi, maduka, bodaboda na mabango kama makao makuu mengine ya wilaya. Mwitongo ni mahali pengine. Ni kilima chenye miti na miamba, makazi ya zamani ya ukoo, na pimbi huota jua juu ya mawe bila kujali nani amezikwa chini.

Wamezikwa wengi. Yupo Chifu Burito, aliyefariki mwaka 1942. Yupo Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu, aliyeishi mpaka mwaka 1997 na hivyo kumwona mwanawe akiingia Ikulu na akitoka kwa miguu yake mwenyewe. Yupo Mwalimu, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa hapa siku tisa baadaye. Kaburi lake limejengewa jengo. Mengine yako wazi kwa mvua na jua. Kanisa Katoliki, kupitia Jimbo la Musoma, lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza kuwa mwenyeheri, na wapo wanaofika Mwitongo na rozari mkononi. Sina neno dhidi yao. Lakini raia ana shughuli tofauti na ya mwombaji.

Jambo lililonishughulisha pale makaburini ni uchifu wenyewe. Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja kabla ya wakoloni. Mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika na wenye mamlaka ya mvua na ibada. Burito alifanywa chifu na Wajerumani mwaka 1915, Waingereza wakauendeleza mpango huo kwa kuwa ulipunguza gharama za kutawala. Baada yake akafuata mwanawe Wanzagi. Kisha mwaka 1963 Serikali huru, ikiongozwa na mwana mwingine wa chifu huyo huyo, ikafuta uchifu nchi nzima kwa sheria. Sheria ile haikuacha mlango wa nyuma kwa ajili ya Butiama. Ndugu yake mwenyewe akapoteza cheo. Tuwe na maoni yoyote juu ya uamuzi ule, na wapo wanaoamini kwamba ulituondolea taasisi zilizokuwa na manufaa, tukubali kwamba sheria inayoanzia nyumbani kwa mwenye kuitunga ni nadra katika nchi yetu na kwa majirani.

Makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yana picha, zawadi za mataifa na vitu vyake binafsi. Nje yake nyumba zinasimulia zaidi. Iko aliyojengewa na chama, na iko kubwa zaidi aliyojengewa na Jeshi la Wananchi, ambayo ilikamilika mwishoni mwa maisha yake, akaishi humo kwa muda mfupi tu kabla ya kupelekwa kutibiwa London. Mtu aliyetawala kwa zaidi ya miaka 20 akang'atuka mwaka 1985, wakamjengea wengine. Mwongozaji wa wageni hulieleza jambo hili kama ushahidi wa uadilifu wake, na wageni hutikisa vichwa. Nami nilitikisa changu.

Mpwa wangu hakutikisa. Tulipotoka tuliketi juu ya mwamba wenye kivuli, na hapo ndipo alipoitoa bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya ile orodha. Akaiweka gotini na kusema, kwa utulivu ambao dada yangu angeutambua kuwa ni hasira:

"Mjomba, kila mtu ofisini kwetu anampenda Mwalimu. Picha yake iko ukutani, nyuma ya kiti cha huyu anayenitaka nisaini. Tarehe 14 Oktoba yeye ndiye husoma hotuba. Wanampenda kwa sababu ameshakufa na hawezi kuuliza semina ilifanyika wapi. Wanasema alikuwa mtu wa pekee. Wakishasema hivyo, wamemaliza. Kama uadilifu ni wa mtu wa pekee, mimi mhasibu wa daraja la pili nani ananidai?"

Nimefundisha kwa miaka mingi, na mara chache nimesikia jambo hili likielezwa vizuri kuliko hivyo. Tumeufanya uadilifu kuwa tabia ya marehemu. Tunausifu kama tunavyosifu sauti nzuri au urefu wa mtu: alijaaliwa nao, sisi hatukujaaliwa. Kwa njia hiyo sifa zenyewe zimekuwa kificho.

Turudi kwenye kumbukumbu. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikuwaomba viongozi wawe na mioyo mizuri. Liliwawekea masharti yanayoweza kukaguliwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtu anaweza kubisha kuhusu busara ya kila sharti, lakini hawezi kusema kwamba hayakueleweka. Hisa inahesabika. Nyumba inaonekana. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kilelegeza masharti hayo katika kikao ambacho maamuzi yake wananchi walikuja kuyasikia baadaye. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na viongozi wakawa wanajaza fomu za kutamka mali. Tofauti ni kubwa: mwanzo kiongozi alikatazwa kuwa na kitu, baadaye akatakiwa kukitaja tu, tena katika daftari ambalo raia wa kawaida halifikii kwa urahisi.

Wapo vijana watakaosema kwamba basi turudi kwa Mwalimu. Ningewaomba wasirudi bila kutazama upande wa pili wa kilima. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, na uwezo huo ulitumika. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walipolalamika kwamba wakubwa wanalipwa mno, Rais alikubaliana nao papo hapo, akakata mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa nusu yake ya kwanza. Nusu zote mbili zilitoka kwa mtu yule yule, alasiri ile ile, na hapakuwa na chombo kilichoweza kumwambia kwamba nusu ya kwanza ni sahihi na ya pili si sahihi. Kadhalika vijiji: dhamira njema ya mtu mmoja, ikikosa wa kuizuia, iliwafikia wakulima wa Mara ikiwa amri ya kubomoa paa.

Kwa hiyo nililomwambia mpwa wangu pale mwambani halikuwa "uwe kama Mwalimu." Lingekuwa neno la kejeli. Mwalimu alikuwa na dola nyuma yake. Yeye ana mama mgonjwa wa presha. Nilimwambia kwamba maswali yetu ni mawili, na tusiyachanganye. La kwanza ni la dhamiri, na alikwisha kulijibu kabla hajanipigia simu. La pili ni la utaratibu: nani anamlinda mtu mdogo anayekataa? Hilo tulilijadili kwa saa nzima, tukiandika nyuma ya bahasha.

Tuliona kwamba anavyo vitu vichache, lakini si haba. Anazo kanuni za fedha, zinazotaka kila malipo yawe na vielelezo. Anaye mkaguzi wa ndani, ambaye kazi yake ni hiyo. Ipo Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo huja kila mwaka na huuliza nani alisaini. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo watumishi wengi hawajawahi kuiona kwa macho. Juu ya yote, anayo kalamu. Kukataa kwa mdomo humwachia mkubwa nafasi ya kusema kwamba hakukataliwa. Kukataa kwa maandishi hubaki kwenye faili.

Jumatatu yake aliandika dokezo. Hakumtuhumu mtu. Alieleza kwamba malipo hayo hayana taarifa ya semina, hayana barua ya mwaliko wala uthibitisho wa ukumbi, na kwamba kwa mujibu wa kanuni hawezi kuyaandalia hati ya malipo mpaka vielelezo hivyo viambatanishwe. Nakala akampelekea mkaguzi wa ndani. Baada ya siku nne alihamishiwa masjala, kupokea barua na kugonga mihuri, kwa maelezo kwamba huko kuna upungufu wa watumishi. Malipo hayajafanyika hadi ninapoandika haya, kwa kuwa hakuna mhasibu mwingine aliyekubali kuwa wa kwanza kusaini chini ya dokezo lile. Uthibitisho wake kazini haujatoka. Dada yangu hulala kwa shida, nami siwezi kumwambia kwamba mwisho utakuwa mwema.

Nimeandika haya kwa ajili ya makundi matatu ninayojua kwamba husoma ukurasa huu. Ndugu watumishi wa umma: anayeandika dokezo la namna ile peke yake huhamishiwa masjala, wakiandika watatu, masjala haitoshi. Ndugu wanaharakati: tumetumia nguvu nyingi kudai viongozi wema, tuongeze nguvu katika kudai ulinzi wa mtumishi wa ngazi ya chini, kwa maana fedha za umma hupita mikononi mwake kabla ya kupita kwa waziri. Nanyi wanafunzi wangu: nendeni Butiama. Nauli si kubwa kutoka Musoma au Bunda, na wenyeji ni wakarimu. Ingieni makumbusho, simameni makaburini, tazameni nyumba zile mbili. Mkiwa mmeketi juu ya mawe yale, msiulizane kama atatokea mwingine wa kufanana naye. Ulizaneni ni sharti gani, kati ya yale aliyoyaandika, mngeweza kulidai leo kwa maandishi, na mngempelekea nani nakala.